Mstari wa Mwisho Kwenye Mzizi wa Jino

Watu wakisikia kwamba kazi yangu ni kusoma meno ya wanyama waliokufa zamani, wengi hudhani natazama jinsi yalivyolika. Hilo nalo ni somo lake, na wafugaji walilijua kabla ya chuo chochote: mnyama hufunguliwa mdomo, meno yakatazamwa, umri ukakisiwa. Mimi sehemu inayotafuna huipita haraka. Nakaa kwenye mzizi, ile sehemu iliyozama ndani ya taya, na hasa kwenye utando mwembamba mgumu unaouvika mzizi huo kuanzia shingoni mwa jino hadi nchani.

Utando huo ni sementamu. Kazi yake ni kulishika jino lisilegee. Kati ya jino na mfupa wa taya kuna kano nyembamba, na nyuzi za kano hiyo, zinazoitwa nyuzi za Sharpey, huzama upande mmoja ndani ya mfupa na upande wa pili ndani ya sementamu. Kila mnyama anapotafuna, nyuzi hizo hubeba mzigo. Na kwa kuwa jino husogea kidogo kidogo maisha yote, sementamu haina budi kuendelea kuongezwa ili nyuzi zipate pa kushika.

Hapo ndipo thamani yake ilipo. Enameli, lile ganda gumu la nje la jino, hutengenezwa mara moja tu, jino likiwa bado halijatoka, ikishalika hairudi. Mfupa hujibomoa na kujijenga upya, kwa hiyo kumbukumbu zake hufutika. Sementamu huwekwa tabaka jipya juu ya la zamani mpaka siku mnyama anapokufa, na kwa kawaida haibomolewi. Malisho yakiwa mazuri, tabaka huwa pana. Wakati wa shida ukuaji hupungua au husimama kabisa, na panabaki mstari mwembamba wenye madini mengi. Tabaka pana na mstari mwembamba ni mwaka mmoja. Ni pete za shina la mti, ila pete hizi hupimwa kwa mikromita, yaani sehemu za elfu za milimita, na katika mnyama mzee mwaka mzima unaweza kubanwa ndani ya mikromita chache tu.

Ukihesabu mistari na kuongeza umri ambao jino lile hutoka, unapata umri wa mnyama. Lakini mimi umri huuandika kama jambo la pembeni. Ninachokitafuta ni ukingo wa nje: je, mnyama alikufa tabaka pana likiwa ndiyo kwanza linaanza, likiwa limeshasogea, au mstari mwembamba ukiwa tayari umeshawekwa? Jibu la swali hilo ni msimu wa kifo. Na kama mnyama yule aliwindwa, msimu wa kifo chake ni msimu ambao mtu fulani alikuwa karibu na pale, ana silaha na ana njaa.

Wanaakiolojia hatukubuni mbinu hii. Mwaka 1950 Victor Scheffer alionyesha kwamba matuta yaliyo kwenye meno ya sili wa manyoya, mnyama wa baharini, yanalingana na miaka yao. Alikuwa na wanyama waliotiwa alama wakiwa wadogo, kwa hiyo umri wao ulijulikana. Mwaka 1952 Richard Laws akachapisha matokeo yake juu ya sili-tembo wa bahari za kusini, ambao chonge zao zikikatwa huonyesha tabaka ndani. Wanabiolojia wa wanyamapori wakaendelea kutoka hapo, wakaigeukia sementamu ili kujua umri wa kulungu na dubu wanaowindwa. Sisi tulikuja nyuma yao na swali letu la msimu, ambalo ni gumu kuliko lao. Mtu anayehesabu miaka akikosea mstari mmoja, mnyama wa miaka saba amekuwa wa nane. Mtu anayesoma msimu akikosea mstari mmoja, kiangazi kimekuwa masika, na watu wa kale wamehamishwa kutoka kambi moja kwenda nyingine bila wao kujua.

Mwalimu aliyenifundisha alininyima meno ya kale kwa muda mrefu. Alinipa magego ya wanyama wa siku hizi, kila moja na karatasi yake: jinsia, mahali, tarehe ya kifo. Karatasi alikaa nazo yeye.

"Mwalimu," nilimwuliza, "kuna faida gani kusoma meno ambayo majibu yake yako kwenye droo yako?"

Akacheka. "Mwanangu, ya kale hayana droo."

Nilichojifunza kwenye meno yale ya kisasa sikukipata kwenye kitabu chochote nilichokuwa nimesoma. Nilidhani wanyama waliokufa mwezi mmoja, mahali pamoja, wangekuwa na ukingo unaofanana. Haikuwa hivyo. Mmoja tabaka lake la mwisho lilikuwa nusu, mwenzake karibu limekamilika, wa tatu mstari wake mwembamba wa msimu uliopita ndiyo kwanza umefunikwa. Kuna sababu. Mnyama mchanga hukua haraka na tabaka zake ni nene. Mzee zake zimebanana ukingoni hata kutofautisha la mwisho na lililotangulia ni shida. Jike lililonyonyesha mwaka ule na dume lililopigania majike hawapiti mwaka mmoja, ijapokuwa wamekula nyasi za bonde moja. Na ili useme tabaka "limefika nusu" lazima ulilinganishe na tabaka la mwaka uliopita, ilhali lile la mwaka uliopita lenyewe lilikuwa nene zaidi kwa sababu mnyama alikuwa mdogo zaidi.

Nilipomaliza mafunzo yale nilikuwa nimeacha kutaja miezi. Naandika mafungu matatu tu: ukuaji umeanza, ukuaji umesogea sana, ukuaji umesimama. Kuna wenzangu wanaogawa mwaka vipande vingi zaidi, na baadhi yao wana macho mazuri kuliko yangu, lakini nikiona ripoti inayosema mnyama wa Zama za Mawe alikufa mwezi fulani kwa sababu ya jino moja, huwa naiweka chini kwanza nikanywe maji.

Swali la kwa nini mistari hii hutokea lilinisumbua kwa muda, kwa sababu vitabu vya zamani vililijibu kwa neno moja: baridi. Mtafiti Daniel Lieberman alilishughulikia kwa mbuzi. Aliwalisha vyakula tofauti, vigumu na laini, vyenye rutuba na visivyo nayo, kisha akatazama sementamu yao. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993 kwenye jarida la Science. Kulikuwa na mambo mawili yanayofanya kazi pamoja. Lishe hubadili kasi ya ukuaji, na kwa hiyo kiasi cha madini kinachowekwa. Ugumu wa chakula hubadili nguvu ya kutafuna, na nguvu hiyo hugeuza mwelekeo wa nyuzi za Sharpey ndani ya tabaka. Nyuzi zikigeuka, mwanga unaopita hugeuka pia.

Kwa mtu wa maabara, habari hiyo ina uzito mkubwa. Maana yake kalenda haiandiki chochote kwenye jino; kinachoandika ni malisho na taya. Katika nchi za theluji malisho hufuata joto, kwa hiyo mstari mwembamba huangukia majira ya baridi na mambo huonekana rahisi. Katika nchi ambako mvua ndiyo inayotawala, mnyama anaweza kunenepa wakati wa mvua na kuteseka wakati wa jua kali, na mpangilio ukawa mwingine kabisa. Huwezi kuchukua jedwali la kulungu wa kaskazini ukalipeleka kwa swala wa nchi kavu. Kila spishi, na kila ukanda wa hali ya hewa, inahitaji mkusanyiko wake wa wanyama wa siku hizi wenye tarehe. Hiyo ndiyo sehemu ya kazi ambayo hakuna anayetaka kuilipia, kwa sababu haitoi habari ya kupendeza. Inatoa droo iliyojaa meno ya juzi.

Tuje kwenye mikono. Jino hulazwa ndani ya kikasha na kumiminiwa epoksi, gundi inayoganda ikawa ngumu, kisha kikasha huwekwa kwenye chombo kinachofyonzwa hewa ili viputo vitoke na gundi iingie kwenye nyufa. Kiputo kikiganda pembeni ya mzizi, mahali palepale unapopahitaji, umeshapoteza upande huo wa jino. Gundi ikishakauka, tofali dogo hilo hukatwa kwa msumeno wa almasi unaozunguka polepole huku maji yakitiririka, kwa urefu wa jino, kupitia katikati ya mzizi. Upande uliokatwa hulainishwa na kubandikwa kwenye kioo cha slaidi, kisha hukatwa tena ili kibaki kipande chembamba. Kutoka hapo ni kusaga kwa mkono juu ya kioo chenye unga wa silikoni kabidi na maji, na mwisho unga laini wa alumina.

Mashine za kusaga zipo na nimezitumia. Nazirudia pale kazi ikiwa nyingi. Lakini hatua ya mwisho naimaliza kwa vidole, kwa sababu jino haliwi na ugumu mmoja: dentini (ile sehemu ngumu ya ndani ya jino), sementamu na epoksi husagika kwa kasi tofauti, na cha kwanza kuliwa ni ukingo. Unasaga mizunguko michache, unaosha, unatazama kwenye hadubini. Mizunguko michache, unaosha, unatazama. Kipande kikiwa kinene, tabaka hulaliana na unaona mistari miwili ambapo ni mmoja. Kikiwa chembamba mno, tabaka la nje linaanza kumomonyoka na hutajua kama mnyama alikufa mwanzoni mwa msimu au ni wewe uliyeutafuna mwisho wake. Mahali pazuri ni kati ya mikromita 30 na 100 kutegemea spishi na hali ya jino, na kufika hapo kunataka utulivu ambao mimi asubuhi ninao na jioni sina. Basi nasaga asubuhi.

Kuhusu mwanga, nina ushauri mmoja kwa anayeanza: usiandike rangi. Mstari unaoonekana mweusi mwanga ukipita kutoka chini unaweza kuonekana mweupe mwanga ukimulikwa kutoka juu. Ukiweka vichujio viwili vya polaraizi vinavyokingamana, kila kimoja kikipitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, mambo hubadilika tena, na ukizungusha slaidi kile kilichong'aa huzimika. Nimesoma makala ambamo mwandishi mmoja anaita "mweusi" kile ambacho mwenzake anakiita "angavu", wote wakiwa wameona kitu kimoja, na mtu wa tatu akaja akalinganisha majedwali yao kana kwamba yanazungumza lugha moja. Kwenye daftari langu naandika pana na nyembamba, na juu ya ukurasa naandika mwanga ulikuwa wa aina gani.

Halafu kuna mistari ya uongo, na hapa ndipo macho hujengeka au kuharibika. Sementamu si ya aina moja. Sehemu ya juu ya mzizi, karibu na shingo ya jino, haina seli ndani yake. Hukua polepole, kwa mpangilio, na mistari yake hukaa sambamba. Kuelekea ncha ya mzizi, na kwenye uma ambapo mizizi ya gego hugawanyika, sementamu huwa nene na imejaa vishimo vya seli. Nene hutamanisha. Tabaka zake ni kubwa, picha inapendeza, na mwanafunzi huhesabu kwa furaha. Lakini sehemu hiyo huitikia msukosuko wa jino kuliko inavyoitikia mwaka, na mpangilio wake hauaminiki. Nasoma juu, kwenye ile nyembamba isiyopendeza.

Mstari wa kweli hufuatika. Unaushika mahali pamoja na kuusindikiza kando ya mzizi, na unaendelea kuwepo. Wa uongo hukatika baada ya mwendo mfupi, au hujiunga na jirani yake, au huonekana upande mmoja wa jino na upande wa pili haupo. Ugonjwa, jeraha, msimu wa kujamiiana ambapo madume huacha kula vizuri, yote hayo yanaweza kuweka mstari wa ziada katikati ya mwaka. Kuna pia mistari inayopasuka ikawa miwili na kurudi kuwa mmoja mbele kidogo, na hiyo naihesabu kuwa mmoja, kwa sharti kwamba nimeona inaporudi.

Hayo yote ni kwa jino lililo salama. La kale limekaa ardhini. Vijidudu huchimba njia ndani yake, kolajeni, ile protini inayounda nyuzi zake, huoza, madini huyeyuka na kuganda upya kwa mpangilio mwingine, rangi ya udongo hupenya kutoka nje kuja ndani. Rangi hiyo ndiyo adui mjanja kuliko wote, kwa sababu huingia kutoka ukingoni na kusimama kwenye kina fulani, na pale iliposimama hutengeneza mstari mzuri, sambamba na ukingo, ukionekana kama ndio kwanza umewekwa na mnyama kabla ya kufa. Aliyeamka na hamu ya kuona msimu wa shida atauona. Njia ya kuupima ni polaraizi: sementamu yenye kolajeni yake huitikia kwa namna inayojulikana unapozungusha slaidi, na iliyogandishwa upya huitikia vibaya au haiitikii. Ikiwa ukingo hauitikii, hakuna cha kusoma hapo hata kama mistari inaonekana kwa macho.

Uharibifu haufuati umri. Nimeona meno ya miaka mia chache yaliyokuwa uji mtupu kwa ndani. Upande wa pili, mwaka 2020 watafiti walichapisha hesabu ya tabaka za sementamu za wanyama wadogo wawili wa mwanzo wa ukoo wa mamalia, Morganucodon na Kuehneotherium, waliokufa karibu miaka milioni 200 iliyopita. Wa kwanza aliweza kufikisha miaka 14 na wa pili 9, umri mkubwa mno kwa viumbe vyenye mwili kama panya. Tabaka zilikuwepo bado. Kilichowahifadhi ni aina ya ardhi iliyowafunika.

Kwa hiyo kuna fungu la nne kwenye daftari langu, na ndilo hujaa haraka kuliko mengine: halisomeki. Mara nyingi nimeulizwa na wachimbaji wa mabaki ya kale kwa nini nimepokea boksi zima la magego na kurudisha majibu ya machache. Dada mmoja tuliyefanya naye kazi aliniambia waziwazi, "Kaka, tumekupa taya nzima nzima, na wewe unatuletea kurasa za hapana." Alikuwa na haki ya kuchukia, walikuwa wamechimba kwenye joto na fedha zilikuwa zimeisha. Lakini jino lisilosomeka likilazimishwa kusomeka haliwi sifuri. Linakuwa kura, na kura chache za uongo zinatosha kugeuza matokeo ya mkusanyiko mdogo. Kwa sababu hiyohiyo naomba slaidi zifunikwe namba, nisijue jino limetoka tabaka gani la udongo, na nazisoma tena baada ya kuzisahau. Zile ambazo masomo yangu mawili hayakubaliani, nazo huenda kwenye fungu la nne.

Kisha tunafika kwenye kitu kilichonibadilisha zaidi, ambacho hakimo ndani ya jino.

Jino hunipa msimu wa kifo cha mnyama mmoja. Mchimbaji anataka msimu wa watu. Kati ya hayo mawili kuna bonde pana, na fani yetu imelirukia mara nyingi bila kutazama chini. Mfano ninaoupenda ni Star Carr, kambi ya wawindaji huko Yorkshire, Uingereza, ya takriban miaka 11,000 iliyopita. Grahame Clark aliichimba kati ya 1949 na 1951, na mwaka 1954 akaeleza kwamba watu waliishi pale majira ya baridi. Ushahidi wake mkubwa ulikuwa pembe za kulungu, ambazo hukua na kudondoka kwa msimu. Mwaka 1988 Anthony Legge na Peter Rowley-Conwy wakarudi kwenye meno, wakaangalia jinsi yalivyokuwa yakichomoza kwenye mataya ya wanyama wachanga, wakasema hapana, ni mwishoni mwa majira ya kuchipua na majira ya joto. Pembe zilikuwa malighafi, mtu angeweza kuzibeba kutoka kokote na kuziweka akiba. Miaka ya 1990 Richard Carter akapiga eksirei mataya ya kulungu wa palepale, akaona dalili za uwindaji wa baridi.

Nani alikosea? Nilipokuwa mwanafunzi nililichukua kama swali la mtihani. Sasa naona uchimbaji mpya wa 2004 hadi 2015 ulilijibu kwa njia ambayo haikumlenga yeyote kati yao: mahali pale palitumiwa kwa takriban miaka 800. Katika miaka 800 watu wanaweza kuja majira ya joto kwa vizazi kadhaa, wakaacha kuja, wakarudi wengine majira ya baridi. Mifupa yao yote inalala kwenye tope lile lile. Ukiimwaga mezani na kuuliza "walikaa msimu gani", meno yatakujibu misimu yote, na utaandika kwamba waliishi pale mwaka mzima, ilhali huenda hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kufanya hivyo.

Jambo hilohilo linanifanya nisome kwa tahadhari kazi maarufu zaidi ya sementamu katika akiolojia, ile ya Lieberman na John Shea ya mwaka 1994 juu ya mapango ya Mashariki ya Kati. Walisoma meno ya swala. Katika Qafzeh, pango lililotumiwa na binadamu wa aina yetu karibu miaka laki moja iliyopita, swala walionekana kuwindwa katika msimu mmoja. Katika Kebara, kwa Wanianderthali, binadamu wa kale wa aina nyingine, wa takriban miaka 60,000 iliyopita, waliwindwa misimu yote. Wakapendekeza kwamba watu wa Qafzeh walihamahama kwa kufuata misimu, na Wanianderthali walitumia pango lao kwa muda mrefu zaidi ndani ya mwaka na hivyo kulazimika kuwinda zaidi. Ni hoja nzuri na waliifungamanisha na ushahidi wa zana za mawe pia. Ila tazama udhaifu wake uko wapi: msimu mmoja katika mkusanyiko ni jibu lenye nguvu, kwa kuwa ili lipatikane lazima tabia iwe imerudiwa bila kuvunjwa. Misimu yote ni jibu dhaifu. Linaweza kuwa makazi ya kudumu, au ziara fupi fupi za misimu tofauti zilizorundikana kwa maelfu ya miaka. Sementamu peke yake haiwezi kuchagua kati ya hayo mawili.

Tangu nilipolielewa hilo, naanza na udongo. Kabla sijakata, namwuliza mchimbaji: meno haya yalikuwa pamoja kweli? Kuna shimo la taka lililojazwa kwa muda mfupi? Kuna jiko lenye majivu, na mataya kando yake? Magego manne kutoka shimo moja lililofunikwa haraka nayathamini kuliko arobaini yaliyokusanywa kwenye tabaka nene lisilo na mipaka. Na nikipata msimu wa mvua peke yake, siandiki kwamba kiangazi watu hawakuwepo. Naandika kwamba kiangazi hawakumwinda mnyama yule. Labda walikuwa pale pale wanakula samaki.

Na kwa wanaochimba, kwa kuwa kazi yangu huharibika kwao kabla haijanifikia: msilisugue jino kwa brashi. Najua mnalipenda likiwa safi. Tabaka la mwisho, lile la msimu wa kifo, liko nje kabisa, halina kitu juu yake isipokuwa udongo, na brashi ngumu hulichukua pamoja na udongo huo. Msiling'oe kwenye taya pia. Mfupa wa taya umeulinda mzizi kwa maelfu ya miaka. Ukiling'oa kwa nguvu, ukingo hubaki kwenye tundu. Nileteeni taya na udongo wake, nitatoa mwenyewe. Kama limelegea na limetoka, lifungeni peke yake, lisigongane na mawe kwenye mfuko mmoja.

Kukata nako kunaharibu, na wasimamizi wa makumbusho wana haki ya kukataa. Kabla ya msumeno napiga picha za pande zote, nachukua vipimo, na kama jino ni la spishi adimu nafinyanga nakala yake. Nakata nusu moja tu na kurudisha nyingine, ili atakayekuja na mbinu bora apate cha kufanyia kazi. Mbinu hiyo imeshaanza kufika: mionzi ya eksirei yenye nguvu kutoka kwenye sinkrotroni, mashine kubwa inayokimbiza elektroni, huonyesha tabaka za sementamu bila kugusa jino, na ndiyo iliyotumika kwa wale wanyama wa miaka milioni 200. Foleni ya mashine hizo ni ndefu, na mafaili yake ni makubwa kiasi kwamba kuyafungua tu ni kazi ya siku. Sinkrotroni pia huonyesha msongamano wa madini, wakati polaraizi huonyesha mwelekeo wa nyuzi, na mstari wa uongo wa madoa ya udongo mara nyingi hujulikana kwa nyuzi zake. Ningependa jino moja lipite kote kuwili, sinkrotroni kwanza na msumeno baadaye, na nimeshaomba hivyo kwa meno ya mkusanyiko wenye tarehe, ambayo majibu yake yako kwenye droo.